Lois Weber hakuangushwa na mahubiri yake

Mwaka 1916, mwongozaji wa filamu aliyelipwa fedha nyingi kuliko wenzake wote pale Universal, kampuni ya filamu ya Marekani, alikuwa mwanamke. Aliitwa Lois Weber. Magazeti ya wakati huo yalitaja mshahara wa dola 5,000 kwa wiki. Aliandika hadithi mwenyewe, akaziongoza, akachagua waigizaji, akasimamia uhariri, na katika miaka ya mwanzo akaigiza pia. Mwaka huohuo chama cha waongozaji wa filamu cha Marekani kilimpokea, na kabla yake hakikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Novemba 1939 alifariki dunia hukohuko Hollywood akiwa hana kitu, na gharama za mazishi zikabebwa na rafiki.

Kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili huelezwa kwa sentensi moja: Weber alipenda mno kuhubiri, na baada ya vita kuu ya kwanza watazamaji walitaka kucheka, kucheza muziki na kusahau. Walimchoka, wakamwacha. Maelezo haya yalianza kuandikwa na wahakiki wa miaka ya 1920, na waliokuja baadaye wakayapokea kama yalivyo. Mimi siyakubali. Kwanza, yanadharau jambo lililomfanya awe msanii mkubwa. Pili, yanawaficha watu waliokuwa na funguo za majumba ya sinema.

Kuhubiri kwenyewe, kweli alihubiri. Alizaliwa mwaka 1879 Allegheny, Pennsylvania, mji ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh, katika familia ya watu wa dini. Alisomea piano akafikia kiwango cha kupiga mbele ya hadhira. Akiwa msichana alijiunga na kikundi cha uinjilisti, akawa anaimba nyimbo za dini kwenye kona za mitaa na kuingia kwenye vitongoji vya watu maskini. Baadaye alieleza kwamba kazi ile ilimwonyesha mipaka yake: mtu mmoja, hata ajitume vipi, huwafikia wachache, tena wengi aliokutana nao walikuwa wahamiaji wasiojua Kiingereza. Picha isiyo na sauti ikampa lugha ambayo wote wangeielewa. Kwa hiyo tusimwone kama mwigizaji aliyeingia kwenye sinema akagundua baadaye kwamba anaweza pia kuonya jamii. Alikuja na ujumbe mkononi, akawa anatafuta chombo cha kuubeba.

Alipitia jukwaani kwanza. Mwaka 1904 aliolewa na mwigizaji Phillips Smalley. Miaka michache baadaye akaingia kampuni ya Gaumont huko Marekani, ambako mwongozaji Alice Guy na mumewe Herbert Blaché walikuwa wakifanya kazi, akaandika na kuigiza katika filamu fupi zilizoambatanishwa na sauti ya santuri. Kisha Weber na Smalley wakahamia kampuni ndogo ya Rex chini ya mwongozaji Edwin S. Porter. Rex ilipounganishwa na nyingine mwaka 1912 kuunda Universal, wawili hao ndio walioachiwa kuiendesha Rex. Filamu zilitoka mfululizo, na majina yote mawili yaliandikwa, ingawa wenzao kazini walijua kalamu na maamuzi ya mwisho vilikuwa kwa nani.

Anayedhani mhubiri hawezi kuwa fundi na aitazame Suspense ya mwaka 1913. Ni filamu ya dakika kama kumi hivi. Mke yuko peke yake na mtoto mchanga katika nyumba iliyo mbali na watu, mtumishi ameondoka na kuacha ufunguo chini ya mkeka, na mhalifu anaizunguka nyumba. Kisa cha aina hii kilikuwa kimeshazoeleka, mwongozaji D.W. Griffith alikwisha kukifanya mwaka 1909 kwa kuruka kutoka kwa mke kwenda kwa mume, kutoka kwa mume kwenda kwa wezi, kisha kurudi tena. Weber anafanya kingine. Mke anapompigia mume simu, fremu inagawanywa pembetatu: mke upande mmoja, mhalifu upande wa pili, na mume katikati ameshika simu. Mtazamaji anaona kwa mpigo mmoja hofu, tishio na mtu aliye mbali asiyeweza kufanya kitu. Halafu mke anachungulia dirishani kutoka ghorofani, na kamera inatazama chini moja kwa moja. Mhalifu anainua uso, macho yake yanatua kwenye yetu. Mume ameiba gari ili awahi nyumbani, na polisi wanaomkimbiza tunawaona ndani ya kioo cha pembeni cha gari hilo. Mambo haya yalifanywa wakati filamu nyingi bado zilipigwa kwa kamera iliyosimama mbele ya waigizaji kama mtu aliyekaa kiti cha mbele kwenye tamthilia. Aliyeigiza mke ni Weber mwenyewe.

Mwaka 1914 aliongoza The Merchant of Venice, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuongoza filamu ndefu. Mwaka uliofuata ikatoka Hypocrites, aliyoifanya kwa kampuni ya Bosworth. Mtawa mmoja wa zama za kale anachonga sanamu ya Ukweli kama mwanamke aliye uchi, na umati unamuua. Mhubiri wa zama za Weber, akiigizwa na mtu yuleyule, anawahubiria matajiri wasiotaka kumsikia. Ukweli, mwanamke asiye na nguo aliyepachikwa juu ya picha nyingine hadi akaonekana kama kivuli chenye mwanga, anapita na kioo akiwamulika wanasiasa na familia. Ilizuka kelele kubwa. Jimbo la Ohio liliipiga marufuku. Kwingine watu walijazana ukumbini, baadhi kwa ajili ya ibada na wengine kwa ajili ya yule mwanamke.

Hapo inafaa kukumbuka sheria ilisema nini. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Ohio, iliamua kwamba sinema ni biashara tu, na kwa hiyo hailindwi na uhuru wa kusema kama gazeti linavyolindwa. Kila jimbo na kila mji ukapata nafasi ya kukata, kuzuia na kufungia. Weber aliziandika filamu zake zenye uzito zaidi chini ya sheria hiyo. Aliongoza filamu dhidi ya adhabu ya kifo, nyingine kuhusu biashara ya kasumba, nyingine kuhusu uzazi wa mpango, wakati ambapo mtu aliweza kukamatwa kwa kugawa kijitabu juu ya jambo hilo la mwisho.

Filamu ninayoiweka juu kabisa katika kipindi hiki ni Shoes ya mwaka 1916. Ilitokana na hadithi fupi ya Stella Wynne Herron, na nyuma ya hadithi hiyo kulikuwa na maandishi ya Jane Addams, mwanaharakati wa Chicago, kuhusu wasichana wa mijini waliofanya kazi kwa mishahara isiyotosha. Eva Meyer, anayeigizwa na Mary MacLaren, anauza kwenye duka la bidhaa za bei ya chini. Analeta nyumbani dola tano kwa wiki, na familia nzima inazitegemea. Baba yake haendi kazini. Analala kitandani na kitabu. Viatu vya Eva vimekwisha. Kila wiki mama anaahidi kwamba wiki ijayo fedha ya viatu itapatikana, na kila wiki kodi na duka la nyama vinaimaliza.

Weber hasemi tu kwamba msichana ni maskini. Anatuonyesha Eva usiku akikata kadibodi kwa mkasi, akifuatisha umbo la soli, kisha akiiingiza ndani ya kiatu. Anatuonyesha mvua ya siku inayofuata, na ile kadibodi ikigeuka uji. Anatuonyesha miguu ndani ya beseni la maji. Kamera inakaa hapo chini, kwenye vidole na visigino, kwa muda ambao mwongozaji mwingine angeutumia kuonyesha uso mzuri unaolia. Usiku, juu ya kitanda cha Eva, mkono mkubwa ulioandikwa neno umaskini unanyooka kumshika. Hapo ndipo mhubiri anapoongea kwa sauti, na nakiri sehemu hiyo imezeeka. Lakini kadibodi haijazeeka hata kidogo. Mwishowe Eva anamkubali mwanamume aliyekuwa akimnyemelea kwa siku nyingi, na anarudi asubuhi na viatu vipya. Mama anaviona na kuelewa kila kitu. Siku hiyohiyo baba anatangaza kuwa amepata kazi.

Hakuna adhabu ya mbinguni, wala Eva hafi kwa aibu kama wasichana wa hadithi za zamani walivyouawa na waandishi wao. Weber anapiga hesabu mbele yetu: dola tano, kodi, nyama, viatu. Mtu aliyewahi kuingia kwenye vyumba vya maskini kwa kazi ya dini anajua vitu vinavyokosekana humo na bei zake. Hiyo ndiyo faida aliyoipata kutoka kwenye uinjilisti, na wahakiki waliomcheka kwa mahubiri hawakuiona.

Upo pia upande ambao siwezi kuutetea. Where Are My Children?, ya mwaka 1916 vilevile, ilikuwa filamu yake iliyovuta watu wengi mno, na Universal ilivuna fedha nyingi kwayo. Inatetea uzazi wa mpango na kulaani utoaji mimba. Mwendesha mashtaka anayeigizwa na Tyrone Power (baba) anamfikisha mahakamani daktari aliyetoa mimba, kisha anagundua kwamba mke wake mwenyewe na marafiki zake walikuwa wateja wa daktari huyo. Kwa juu ni filamu ya ujasiri. Ukiichunguza, imebeba imani mbaya ya wakati ule kwamba watu wa tabaka la juu wana wajibu wa kuzaa na maskini wangefaa wazae wachache, kana kwamba thamani ya mtoto inapimwa kwa nyumba anayozaliwa. Imani hiyo baadaye ilitumika Marekani kuhalalisha kufunga vizazi vya watu kwa nguvu. Weber hakuwa peke yake. Wasomi na wanamageuzi wengi waliamini hivyo. Haimsafishi. Mwanamke aliyeona kwa makini mguu wa Eva Meyer alishindwa, mwaka uleule, kuwaona watu wa tabaka la Eva kama wazazi wenye haki sawa. Wanaomtukuza leo mara nyingi hulipita jambo hili haraka, na kwa kufanya hivyo wanamfanya mtakatifu badala ya kumchukua kama msanii mzima.

Mwaka 1917 alianzisha kampuni yake, Lois Weber Productions, na kukodi kiwanja Hollywood. Alitaka kufanya kazi polepole, na kupiga matukio kwa kufuata mfululizo wa hadithi ili waigizaji wakue na wahusika wao, jambo ambalo studio kubwa ziliona ni kupoteza fedha. Mwaka 1920 Famous Players-Lasky, kampuni iliyosambaza filamu zake kwa jina la Paramount, ikampa mkataba wa dola 50,000 kwa kila filamu pamoja na nusu ya faida.

Kutoka kwenye kiwanja hicho ilitoka The Blot, mwaka 1921. Naiona ndiyo kazi yake kuu. Profesa Griggs anafundisha chuoni kwa mshahara usiotosha. Jirani yake ni mhamiaji mtengeneza viatu aliyetajirika. Binti wa profesa, Amelia, anayeigizwa na Claire Windsor, anafanya kazi maktaba, na mwanafunzi tajiri, mtoto wa mmoja wa wadhamini wa chuo, anampenda. Weber alipiga picha katika nyumba halisi badala ya kujenga mandhari ndani ya studio, akatumia kadiri alivyoweza mwanga unaoingia humo, na akawapa baadhi ya nafasi ndogo watu wasio waigizaji. Kijana anapoingia sebuleni kwa mara ya kwanza, tunatazama kwa macho yake: zulia lililochakaa, kiti kilichochanika, viatu vya mama. Hakuna anayesema neno. Yule mama anamwona kijana akiviona vitu hivyo, na mtazamaji anahisi aibu ya watu wawili kwa pamoja.

Baadaye Amelia anaugua, na daktari anaagiza chakula bora. Kwenye dirisha la jiko la jirani kuna kuku aliyekwisha kupikwa. Mama anavuka, anamchukua, kisha dhamiri inamshika na anamrudisha. Amelia alimwona akichukua. Hakumwona akirudisha. Kwa dakika nyingi filamu nzima inasimama juu ya kuku huyo, na hakuna mapigano, bunduki wala treni iliyowahi kunikaza kifua kama mama huyo anayepita kwenye ua wa jirani akiwa amevaa nguo zake za heshima. Kijana naye anafunguka macho, anakwenda kumwekea baba yake mbele makala ya jarida kuhusu mishahara ya walimu na kumtaka afanye kitu. Ndiyo, ni mahubiri. Mwalimu yeyote atakayeitazama atajua kama yamepitwa na wakati.

Sasa twende kwenye fedha. Tangu mwaka 1919 Adolph Zukor, mkuu wa Famous Players-Lasky, alikuwa akinunua majumba ya sinema kwa wingi, na mabenki yakimpa mtaji. Wenye majumba ambayo hakuyanunua walilazimika kuchukua filamu zake kwa mafungu: ukitaka ile ya nyota mkubwa, utachukua na nyingine kadhaa hata hujaziona. Kampuni nyingine zikaiga. Katika miaka michache mtu aliyetengeneza filamu bila kuwa na kampuni kubwa ya usambazaji nyuma yake alikuwa na bidhaa lakini hana soko. Paramount ilisambaza filamu tatu za mkataba wa Weber, kisha ikamwacha. What Do Men Want? ikakataliwa, na hiyo pamoja na The Blot zikapelekwa kwa msambazaji mdogo, F.B. Warren. Filamu ambayo haikuingia kwenye majumba makubwa ya miji haiwezi kutumika kama ushahidi kwamba watu wa miji walimchoka mtengenezaji wake.

Hakuwa peke yake aliyefungiwa nje. Universal peke yake ilikuwa imewapa wanawake zaidi ya 10 nafasi ya kuongoza katika muongo wa 1910, akiwemo Cleo Madison, Ida May Park na Ruth Ann Baldwin. Miaka ya 1930 studio kubwa za Hollywood zilikuwa na mwongozaji mwanamke mmoja tu, Dorothy Arzner. Ladha ya watazamaji haiwezi kuwafuta watu wote hao, ambao kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Kazi ilipokuwa ya kubahatisha na yenye fedha kidogo, mlango ulikuwa wazi kwa yeyote anayeweza. Mtaji mkubwa ulipoingia, ulikuja na mabosi wanaume walioajiri wanaume wenzao, na uongozaji ukaanza kusemwa kuwa kazi ya kiume kama uhandisi na uaskari.

Ndoa yake na Smalley ilivunjika mwaka 1922, na kampuni yake ikafungwa katika kipindi hichohicho. Magazeti yaliunganisha mambo hayo mawili, yakadai kwamba bila mume hakuweza kusimama. Lakini alirudi Universal na kutoa A Chapter in Her Life mwaka 1923. Mwaka 1926 aliolewa na Harry Gantz, akaongoza The Marriage Clause iliyompandisha Billie Dove, kisha Sensation Seekers na The Angel of Broadway mwaka 1927. Baada ya hapo kimya cha miaka. Filamu yake ya mwisho, White Heat ya mwaka 1934, aliipiga kisiwani Kauai huko Hawaii, kuhusu mzungu wa shamba la miwa na mwanamke mwenyeji anayeachwa naye. Haikusambazwa vizuri, na leo imepotea.

Rafiki aliyelipia mazishi alikuwa Frances Marion. Mwaka 1914 Marion alikuwa msichana anayeanza, na Weber ndiye aliyempokea na kumfundisha kazi kwenye kampuni ya Bosworth. Alipomzika mwalimu wake, Marion alikuwa na tuzo mbili za Oscar za uandishi na alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri kuliko wote Hollywood. Uandishi wa filamu wa Marekani wa miaka ya 1930, kwa sehemu kubwa kuliko inavyokubalika, ulipitia kwenye mikono ya Weber.

Sehemu kubwa ya filamu zake haipo tena. The Blot ilidhaniwa imepotea hadi miaka ya 1970. Shoes imerejeshwa na hifadhi ya filamu ya Uholanzi kutoka kwenye nakala zilizoharibika. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziingiza Where Are My Children?, Shoes na Suspense kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa. Kwa anayetaka kumjua, ningeshauri aanze na The Blot, kisha Shoes, na Suspense iwe ya tatu. Orodha nyingi za historia hufanya kinyume: huitaja Suspense kwa sababu ya ile pembetatu, na kusimama hapo. Wanaofanya hivyo wanamkubali fundi na kumwacha nje mwandishi, yule aliyejua bei ya kiatu na mshahara wa profesa.